Nyumba za Kilembe na Wenye Nyumba Wake

Askari anayehamishwa kutoka Jinja au Masaka kwenda Kasese hufika na sanduku, godoro na barua ya uhamisho, naye huonyeshwa chumba cha kulala. Ni mara chache huuliza chumba hicho ni cha nani. Kwake yeye nyumba ni ya serikali, na serikali haifi wala haihami. Hata hivyo historia ya wilaya ile, tangu bonde la Kilembe hadi mpakani Mpondwe, yaonyesha kwamba nyumba yaweza kubadilisha mwenyewe mara nne au tano katika maisha ya mtu mmoja, na kila mara anayelala ndani yake ndiye wa mwisho kuarifiwa. Jambo hili lastahili kutazamwa na watu wa jeshi na polisi, kwa kuwa wao, kuliko wananchi wengi, huishi katika nyumba zisizo zao mpaka siku ya kustaafu. Na tena kwa sababu nyingine, ambayo si ya kupendeza, kwamba mpangaji anapotolewa nje kwa nguvu, anayesimama mlangoni na kirungu mara nyingi ni polisi.

Shaba ya Kilembe ilijulikana tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, lakini uchimbaji ulingoja njia ya kuitoa. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka wa 1950, fedha nyingi zikitoka kwa Wakanada. Bwawa la Owen Falls likafunguliwa Jinja mwaka wa 1954 na kuleta umeme wa kuyeyushia madini; reli kutoka Kampala ikafika Kasese mwaka wa 1956; na mwaka huo huo mgodi ukaanza kazi. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu miongoni mwa mazao yaliyoiletea Uganda fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba.

Mgodi hauchimbwi na mashine peke yake. Wakonzo walikuwa na mashamba yao milimani, nao wengi hawakuwa na haja ya kulala kwenye kambi ya kampuni. Isitoshe, hawakupewa kazi zilizo bora, na manung'uniko hayo yalikuwa kuni mojawapo katika moto wa Rwenzururu uliowaka mwaka wa 1962. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka mbali, kutoka Kigezi, Rwanda na Kongo. Watu hao hawakuwa na pa kulala. Ikaipasa kampuni kujenga mji mzima ndani ya bonde jembamba la mto Nyamwamba: kambi za wachimbaji kama vile Kyanjuki, nyumba za makarani, nyumba za wakubwa zenye bustani, hospitali, shule, bomba la maji, na watu wa kufagia barabara. Kama ilivyokuwa katika migodi yote ya wakati ule, ukubwa wa nyumba ulifuata rangi ya mtu kabla ya kufuata kazi yake.

Yafaa kueleza namna mtu alivyokaa katika nyumba hizo, maana hapo ndipo penye mzizi wa matatizo yaliyofuata. Mchimbaji hakuwa mpangaji kwa maana halisi ya neno hilo. Nyumba ilikuwa sehemu ya ujira wake. Alipewa ufunguo siku aliyoandikwa kazi, naye alitakiwa kuurudisha siku kazi ilipokwisha, iwe kwa uzee, kwa kufukuzwa au kwa kifo. Hakuwa na mkataba wa nyumba. Alikuwa na mkataba wa kazi tu, na nyumba ilining'inia juu ya mkataba huo. Askari aliye katika kota za polisi au katika kambi ya jeshi anakaa kwa namna iyo hiyo. Wengi hawaoni tofauti mpaka siku ya barua ya kustaafu, pale mtu aliyepaka rangi ukuta kwa fedha yake, akapanda mgomba na kujenga jiko nyuma, anapoambiwa kwamba hana anachodai.

Sasa zitazamwe hatua za kubadilika kwa mwenye nyumba. Tarehe 1 Mei 1970 Rais Milton Obote alitangaza katika uwanja wa Nakivubo kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni makubwa, Kilembe ikiwa mojawapo. Mwaka uliofuata Idi Amin akatwaa madaraka na kuyapunguza mengi ya yale yaliyotangazwa. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Falconbridge ya Kanada, iliyokuwa na fungu kubwa, ikaondoka na mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Vipuri vikakosekana, mafundi wakatawanyika, na kufikia mwaka wa 1982 uchimbaji ulikuwa umekoma. Kwa mtu wa Kyanjuki mabadiliko hayo yote yalikuwa maandishi yaliyokaa Kampala. Paa lilikuwa lile lile na ufunguo ule ule. Kilichobadilika ni kwamba bomba lilipopasuka hakuja fundi.

Kilichofuata ni jambo la ajabu kidogo. Kampuni iliyoundwa kuchimba shaba iliacha kuchimba, lakini haikufa. Iliendelea kulinda mashimo, ikauza umeme wa kituo chake kidogo cha mto Mubuku, na ikaishi pia kwa kodi ya nyumba. Nyumba zilizojengwa kwa wachimbaji zikapangishwa kwa walimu, wauguzi, wachuuzi, watumishi wa serikali, na kwa wachimbaji wa zamani waliokuwa wakingoja malipo yao. Hapo mtu aliyekaa kwa sababu ya kazi akageuka, pengine bila kujua, kuwa mtu akaaye kwa sababu ya kodi. Ni hali mbili tofauti kabisa mbele ya sheria. Wa kwanza hana haki ya nyumba baada ya kazi. Wa pili anayo haki ya kupewa muda wa kutosha kabla ya kuondoka, na haki ya kutotozwa kwa kubahatisha. Lakini ili adai haki hiyo yampasa athibitishe kwamba alilipa kodi, na kwamba aliyeipokea alikuwa na mamlaka ya kuipokea. Karatasi ndogo ya risiti, ambayo wengi huitupa mwisho wa mwezi, ndiyo inayomhamisha mtu kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili.

Mjini Kasese penyewe mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wasio raia waondoke nchini, akawapa siku 90. Maduka na nyumba zao katika miji yote ya Uganda, Kasese ikiwamo, ziliachwa. Mwaka wa 1973 iliundwa Bodi ya kusimamia mali hizo. Baadhi ziligawiwa watu, na haifichiki kwamba wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliogawiwa mapema na kwa wingi. Ndipo lilipoenea jina la mafuta mingi. Nyingine zilipangishwa na Bodi kwa wananchi wa kawaida.

Mpangaji wa Bodi alidhani amepata mwenye nyumba wa kudumu. Alijua kwamba mwenye zamani yuko Leicester au Toronto, na kwamba hatarudi. Lakini mwaka wa 1982 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizonyang'anywa, ikaanza kutumika mwaka wa 1983, na katika miaka ya 1990 serikali ikaitekeleza kwa kasi. Mtu akarudi na hati yake mkononi, au akamtuma wakili. Katika miji mingi wapangaji walijikuta wakidaiwa kodi na pande mbili: Bodi yasema bado ni yake, na mwenye hati asema ni yake tangu siku aliyopata cheti cha kurudishiwa. Aliyelipa upande mmoja kwa ukaidi, bila kuuliza, aliweza kulipa mara mbili. Aliyetengeneza nyumba kwa miaka kumi bila barua ya ruhusa alishindwa kudai gharama yake. Na wale waliokuwa wamegawiwa wakati wa Amin, wakiwamo maafisa ambao vyeo vyao viliogopwa mtaani, walikuta kwamba kugawiwa kwa amri ya mkuu wa nchi si sawa na kuwa na hati. Amri ilikwenda na mkuu wake.

Karibu na stesheni kulikuwa na mwenye nyumba wa tatu. Kota za reli zilijengwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka wa 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Uganda ikaunda shirika lake. Mwaka wa 2006 usafiri wa reli ukakodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na zaidi ya miaka kumi baadaye ukarudi mikononi mwa shirika la taifa. Treni zenyewe zilikuwa zimeacha kufika Kasese tangu miaka ya 1990. Majani yakaota juu ya mataruma, watu wakajenga na kulima kandokando ya njia, na kwa kuwa hakuna treni iliyopita, wengi wakaona kwamba ardhi haina mwenyewe. Ardhi ya reli ina mwenyewe hata pasipo treni.

Tofauti baina ya nyumba na ardhi iliyo chini yake haijaeleweka vya kutosha, hata miongoni mwa watu waliosoma. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 humlinda mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo, akiitumia bila mwenye hati kumpinga. Kwa sababu hiyo wapo wapangaji wa zamani wanaosema: nimekaa hapa miaka thelathini, hapa ni pangu. Sivyo. Mtu aliyekaa kwa ruhusa ya mwenye nyumba, akilipa kodi ya kila mwezi, hawi mwenye ardhi kwa wingi wa miaka. Ukaaji wake mrefu ni heshima, na serikali yenye busara huutazama wakati wa kuuza, lakini si hati. Ni heri askari alijue hilo akiwa bado na mshahara, apate kununua kiwanja mahali pengine, kuliko kulijua akiwa na pensheni.

Mfano ulio karibu zaidi na Kilembe uko Zambia, kwa kuwa huko nako miji ilijengwa na migodi ya shaba. Katika miaka ya 1990 serikali ya Rais Frederick Chiluba iliamua kuuza nyumba za mabaraza ya miji kwa wapangaji waliokuwa ndani, na migodi ya taifa ilipogawanywa na kuuzwa kwa wawekezaji, nyumba zake nazo ziliuzwa kwa wafanyakazi wake. Wengi walikatwa bei katika malipo yao ya kuachishwa kazi. Kwa siku moja mchimbaji wa Kitwe au Luanshya aligeuka kuwa mwenye nyumba. Ilikuwa furaha kubwa, na hakuna haja ya kuidharau: familia nyingi zilipata kitu ambacho wakoloni waliwanyima kwa makusudi, kwani mkoloni alitaka Mwafrika wa mjini awe mgeni siku zote.

Lakini hesabu ilikuwa na upande wa pili. Mgodi ulikuwa umetoa maji, umeme, kuzoa taka na kuziba mashimo ya barabara, na hayo yote hayakuandikwa katika bei ya nyumba. Nyumba ilipouzwa, huduma zilikwenda kwa kampuni nyingine na kwa mabaraza ambayo, kwa kuuza nyumba zao, yalikuwa yamejinyima kodi ya kuendeshea kazi hizo. Aliyepokea nyumba badala ya fedha za kuachishwa kazi alikuwa na paa lakini hakuwa na senti ya kulipia maji. Wengine wakapangisha nyumba mbele na kuhamia kibanda cha nyuma. Wengine wakauza kwa bei ya haraka. Wakati mwingine waliofaidi zaidi hawakuwa wachimbaji, bali wenye fedha tayari waliosubiri nje ya uzio.

Uganda nayo iliuza nyumba za serikali katika mageuzi ya utumishi ya miaka ya 1990 na baadaye. Baada ya sheria ya mwaka 2001 iliyoruhusu kila mtu kuwa na hati ya fungu lake katika jengo la ghorofa, wapangaji wa majengo makubwa ya Kampala kama Bugolobi na Wandegeya walipewa nafasi ya kwanza kununua walimokaa. Maneno hayo, nafasi ya kwanza, yana uzito mkubwa kuliko yanavyosikika. Hayamaanishi bure, wala bei nafuu. Yanamaanisha kwamba mgeni hawezi kuuziwa kabla mwenye kukaa ndani hajaulizwa na kupewa muda. Yakiwa yameandikwa katika uamuzi wa serikali au katika mkataba wa kuhamisha nyumba, mpangaji anaweza kusimama nayo mahakamani. Yakiwa yamesemwa jukwaani tu, ni upepo.

Ushahidi wa hayo uko Nakawa na Naguru. Nyumba hizo zilijengwa na serikali ya Waingereza kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa Kampala, na kwa miaka mingi zilisimamiwa na baraza la mji. Mwaka wa 2007 eneo hilo lote, takriban ekari 160, lilitolewa kwa mwekezaji kutoka Uingereza ili ajenge mji mpya. Wapangaji 1,747 waliahidiwa kufikiriwa kwanza katika nyumba mpya. Shauri lilifika mahakamani, miaka ikapita, na mwezi wa Julai 2011 nyumba zikabomolewa, polisi wakiwa wamesimama pande zote. Jiwe la msingi la mji mpya liliwekwa mwezi wa Oktoba 2013, yaani zaidi ya miaka miwili baada ya watu kuondolewa. Majengo yaliyoinuka baadaye yalikuwa sehemu ndogo sana ya yale yaliyoahidiwa. Mtu aliyeahidiwa nyumba hali ndoo na godoro lake ziko kando ya barabara hana uwezo wa kungoja miaka mitano. Alikwisha kwenda kupanga Banda au Kireka, au alirudi kijijini, na ahadi ikabaki na jina lake kwenye orodha.

Kosa la Nakawa halikuwa kujenga upya. Nyumba zile zilikuwa zimechakaa, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyesema zibaki hivyo milele. Kosa lilikuwa mpangilio wa hatua: kubomoa kulitangulia, fedha za kujenga zikafuata nyuma zikichechemea. Mpangaji yeyote anayeambiwa habari ya mwenye nyumba mpya hana budi kuuliza ni lini na kwa fedha zipi, kabla ya kuuliza nyumba mpya itakuwa na vyumba vingapi.

Kwa kulinganisha, nchini Uingereza kwenyewe, nyumba za mabaraza zinapotaka kuhamishiwa chama au shirika jingine, desturi imekuwa kuwapigisha kura wapangaji. Mwaka wa 2002 wapangaji wa Glasgow walikubali, na mwaka uliofuata nyumba kama 80,000 zikahamia kwa shirika jipya, hazina ya serikali ikibeba deni kubwa la baraza. Mwaka huo huo wa 2002 wapangaji wa Birmingham walikataa, na baraza likabaki na nyumba zake. Mtu aweza kusema kwamba Kasese si Glasgow, na ni kweli. Lakini kura ile ilikuwa na faida moja isiyohitaji utajiri: ilimlazimu anayetaka kuchukua nyumba aandike, kabla ya kura, kodi itakuwa kiasi gani, nani atatengeneza paa, na nani atabaki na haki ya kukaa mzee akifariki. Hayo matatu yaweza kuandikwa hata pasipo kura.

Mwaka wa 2013 Kilembe ilipata mwenyewe mpya tena. Serikali iliikabidhi kwa kampuni ya Tibet Hima kutoka China kwa mkataba wa miaka 25, ili ifufue uchimbaji. Mkataba haukudumu; mwaka wa 2017 serikali iliufuta na mali ikarudi. Kwa wachunguzi wa mambo ya madini ile ilikuwa hadithi ya shaba isiyochimbwa. Kwa maelfu waliokaa bondeni ilikuwa pia hadithi ya nyumba, kwa sababu mgodi unapokabidhiwa mtu, nyumba zilizo juu yake hukabidhiwa au hubakizwa kwa maneno ya mkataba ambao mpangaji hajausoma wala hajui umewekwa wapi. Kufutwa kwa mkataba nako huleta maswali yake. Kodi iliyolipwa mbele kwa mwenye nyumba aliyeondoka itahesabiwa na anayerudi? Amana iko mfuko wa nani? Mpangaji aliyeongeza chumba kwa idhini ya wa kwanza atatambuliwa na wa pili?

Katika nchi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza, na Uganda ni mojawapo, kuuzwa kwa nyumba peke yake hakufuti upangaji uliopo. Anayenunua hununua pamoja na wapangaji waliomo, na masharti yao huendelea mpaka yatakapokwisha au kubadilishwa kihalali. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 iliongeza ulinzi: kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asitolewe pasipo amri ya mahakama. Askari polisi anayeitwa na mtu aliyevaa suti, akaambiwa asaidie kuondoa watu kwa sababu nyumba imenunuliwa, ana haki na wajibu wa kuomba kuiona amri hiyo, kuitazama muhuri na tarehe, na kuhakikisha kwamba kiwanja kilichoandikwa ndicho kile kilicho mbele yake. Hati ya mauzo si amri ya kuondoa watu. Konstebo aliyesahau tofauti hiyo amewahi kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, hali aliyemtuma hayupo.

Kuna desturi moja njema ambayo haina gharama. Mwenye nyumba anapobadilika, mpangaji angoje barua ya mwenye nyumba wa zamani, si ya mpya peke yake, inayosema kwamba tangu tarehe fulani kodi ilipwe kwa fulani. Mtu yeyote aweza kufika mlangoni na kusema yeye ndiye mwenyewe. Yule anayeondoka hana faida ya kudanganya kwamba ameondoka. Ikiwa barua haipatikani, kodi iwekwe mahali ambapo itaweza kuonyeshwa baadaye, na mpangaji asikae tu bila kulipa akidhani kwamba mgogoro wa wakubwa umemsamehe. Malimbikizo ndiyo sababu iliyo rahisi kuliko zote ya kumtoa mtu nje.

Bwera haina mgodi wala kota nyingi, na hapo sura ya jambo hubadilika. Mji huo ulio karibu na mpaka wa Mpondwe huishi kwa biashara na Kasindi iliyo ng'ambo, na siku ya soko lugha inayosikika zaidi kwa wageni ni Kiswahili. Polisi, watu wa forodha, walimu na wauguzi ambao kota haziwatoshi hupanga vyumba nyuma ya maduka. Waganda huviita mizigo, jina ambalo Mswahili wa pwani akilisikia hudhani ni shehena. Mwenye vyumba kwa kawaida ni mtu wa familia ya hapo, ardhi ni ya ukoo kwa desturi ya Kikonzo, na mapatano ni ya mdomo. Yanakwenda vizuri mpaka mzee afe. Wiki moja baada ya mazishi huja mtoto wa kwanza kudai kodi, wiki ya pili huja mjane, na wiki ya tatu huja mnunuzi kutoka Kasese mjini akiwa na makaratasi yaliyotiwa sahihi na mmoja wao tu.

Huu nao ni uhamisho wa nyumba kwa mwenye mpya, ingawa hakuna waziri aliyeutangaza. Dawa yake ni ndogo: mapatano yaandikwe hata kwenye ukurasa wa daftari, mwenyekiti wa kijiji ashuhudie, na anapofariki mwenye nyumba mpangaji aulize ni nani aliyepewa na mahakama usimamizi wa mirathi. Askari akiwa mgeni mahali hapo huona aibu kuuliza, akifikiri ataonekana anatumia sare yake kutisha wafiwa. Akiuliza kwa adabu, mbele ya wazee, hakuna Mkonzo atakayemlaumu. Akinyamaza na kumlipa aliye mkali zaidi, amejiingiza katika ugomvi wa ukoo usiomhusu. Na tangu waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe mwezi wa Novemba 1996, watu wa usalama wanajua vema kwamba katika mpaka ule urafiki wa raia ni silaha isiyopatikana ghalani.

Baina ya mwaka 1992 na 1995 jeshi la Uganda lilipunguza takriban askari 36,000. Kila mmoja wao alitoka katika nyumba ya serikali, na wengi walikuwa na mke na watoto. Walipewa msaada wa kuanzia maisha, lakini msaada haukuwa kiwanja. Waliokuwa wamenunua kipande cha ardhi mapema, hata kidogo, walifika mahali pao. Wengine walikwenda kwa ndugu waliokuwa wameigawa ardhi ya baba bila wao. Mjane wa askari yuko katika hali ngumu zaidi, kwa maana ufunguo wake ulining'inia juu ya kazi ya mtu aliyekufa. Naye yampasa ajue, kabla ya siku hiyo, ni nani katika ofisi ya kambi mwenye kuandika muda anaopewa wa kuhama, na malipo ya marehemu yatapitia wapi.

Kilembe ina shauri moja la mwisho, ambalo halimo katika mkataba wowote. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukitoka milimani na mawe makubwa, ukabomoa nyumba za bondeni na kuharibu hospitali. Ulifurika tena mwaka wa 2014, na tena mwezi wa Mei 2020. Baadhi ya nyumba zilizokuwa na mwenyewe, nambari na kodi zimebaki nusu ukuta katikati ya changarawe. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 huzuia ujenzi kando ya mito, hatua 100 za mita kwa mito mikubwa iliyotajwa na 30 kwa mingineyo, na bonde lile ni jembamba kiasi kwamba kambi za zamani ziko ndani ya mpaka huo. Siku nyumba za Kilembe zitakapopata mwenyewe mwingine, atakayeambiwa anunue chumba alichokaa miaka ishirini achukue kamba, ashuke mpaka ukingoni, na apime mwenyewe kutoka maji hadi mlango wake kabla ya kutia sahihi.